Nilivyomtafuta Ridhaa

Nilisinzia nikiwa bado nimevaa viatu, saa tisa mchana, kwenye kiti cha mbao cha nyumba ya wageni ya Ikomelo, mvua ikipiga bati kama watu wanaomwaga kokoto. Naitwa Atuganile Mwaisaka. Mimi ni mjiolojia, na siku ile nilikuwa nimeshindwa vibaya kuliko siku yoyote tangu nianze kazi. Kabla sijasimulia niliyoyaona usingizini, ni haki nieleze yaliyonipata nikiwa macho, kwa sababu ndoto nayo huota kama mmea, haioti juu ya jiwe tupu.

Ikomelo ni kijiji cha nyanda za juu kusini, kwenye mteremko wa mlima uliotema moto zamani za zamani, penye migomba, chai, na ukungu ambao huondoka saa nne na kurudi saa kumi kama mfanyakazi wa ofisi. Ng'ambo ya bonde kuna kiwanda cha saruji. Kampuni iliyoniajiri ilitaka kuinasa hewa ukaa inayotoka kwenye bomba la moshi la kiwanda kile kabla haijapanda angani na kuzidi kuipasha dunia joto, kuichanganya na maji, kisha kuisukuma mita mia saba chini, ndani ya mwamba mweusi wa volkano. Mwamba ule una tabia ya ajabu: ukikutana na maji yenye hewa hiyo, polepole huigeuza kuwa jiwe. Kazi hii niliipenda kwa moyo wote. Nimezaliwa wilaya ya jirani, na kwa macho yangu nimeona mvua zilizokuwa zikija kwa tarehe zikianza kuja kwa kubahatisha, na baba yangu akisimama kwenye shamba la viazi lililooza huku akitazama mbingu kama mtu aliyedanganywa na rafiki.

Lakini Ikomelo wana bonde dogo wanaloliita Shimo la Ndege. Pale ardhi huitoa hewa ileile yenyewe, bila kampuni wala kiwanda. Siku zisizo na upepo hutuama chini kama maji yasiyoonekana, na ndege anayeshuka kunywa kwenye kidimbwi hapandi tena. Kila mtoto wa kijiji hufundishwa asikatize huko asubuhi. Kwa hiyo niliposimama mbele ya mkutano wa kijiji na kusema tunataka kuingiza hewa ukaa ardhini, nilikuwa kama mtu anayewaambia waliounguliwa na nyumba kwamba amewaletea moto ulio bora.

Nilizungumza kwa saa mbili. Nilionyesha ramani, michoro ya miamba na picha za nchi za mbali. Nilipomaliza, mama mmoja alisimama safu ya tatu, mwembamba, kitenge cha kijani kimefungwa kifuani. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Ambakisye, akaninong'oneza kwamba huyo ni Bi Sekela.

“Mwanangu,” alisema, “mume wangu alifia Shimo la Ndege. Alimfuata ndama. Baada ya mazishi wakaja watu wenye kofia ngumu kama hizo zenu. Wakapima, wakaandika, wakaondoka. Walichokiandika hatujakiona mpaka leo. Sasa nakuuliza wewe. Hiyo hewa mtakayoiingiza, ikiamua kutoka tukiwa tumelala, nani atatuamsha?”

Ningeweza kujibu kwa njia nyingi. Nilijibu hivi: “Mama, hilo ni suala la kitaalamu. Mkituachia sisi wataalamu, mtakuwa salama.”

Alikaza kitenge chake, akatoka. Nyuma yake wakatoka wanawake wa safu ya tatu, kisha safu ya pili, kisha wanaume waliokuwa wameegemea ukuta, na hakuna aliyepiga kelele. Bwana Ambakisye alinipa mkono. “Ndaga, mhandisi,” aliniambia, yaani asante, kwa sauti ambayo mtu huitumia kwa mgeni anayeaga moja kwa moja. Nilipofika nyumba ya wageni simu ikaita. Alikuwa mkuu wangu wa kazi, Bwana Mtweve.

“Walikuja wangapi?”

“Mia moja na arobaini. Lakini waliondoka, bosi. Hawakukubali.”

“Wakati wanaingia walisaini mahudhurio?”

“Walisaini.”

“Basi umemaliza kazi. Gonga mhuri wa kijiji juu ya karatasi hiyo, niletee Ijumaa. Aliyehudhuria ameshirikishwa, na aliyeshirikishwa ameridhia.”

Nilikata simu, nikaiweka ile karatasi mapajani. Nilikuwa na hasira, zaidi na wanakijiji kuliko na Bwana Mtweve, nakiri. Nilijiambia kwamba watu hawa hawajui wema unaowajia. Na katika kujiambia hivyo, macho yakafumba.

Nikajikuta natembea katika nchi ya mawe meusi, isiyo na jua lakini yenye mwanga, kama mwanga wa ndani ya hema, na kichwani nimebeba chungu kilichofungwa mdomo kwa jani la mgomba. Hakuna aliyeniambia, ila nilijua, kama mtu ajuavyo mambo ndotoni, kwamba ndani ya chungu mna moshi wa dunia nzima. Kwamba kila moto uliowahi kuwashwa, wa jikoni na wa kiwandani, ulikuwa umenikabidhi sehemu yake. Na kwamba hapakuwa na mahali pa kuuzika isipokuwa katika shamba la mwanamke mmoja aitwaye Ridhaa, kwa idhini yake mwenyewe. Shingo iliniuma. Njia zilikuwa nyingi na zote zilifanana.

Mbele yangu akatokea kijana mtanashati, suti imenyooka, saa ya mkononi kulia na nyingine kushoto. Nilipomtazama miguu nikaona kwamba haigusi chini. Alipaa upana wa kidole juu ya mawe, na ndiyo maana viatu vyake havikuwa na vumbi hata chembe. “Dada mtaalamu!” aliniita kwa furaha. “Mimi naitwa Haraka. Nimewafikisha wengi kwa Ridhaa. Wenye kujikokota huenda kwa miezi, mimi nitakufikisha kabla chai haijapoa.” Nilimpenda papo hapo. Akanishika mkono, nikajikuta nami naruka hatua ndefu ndefu, nikipita juu ya mashamba ya watu, juu ya nyua, juu ya makaburi, bila kubisha hodi wala kusalimu. Kila tuliporuka, nyuma yetu ardhi iliacha ufa mdogo, na kutoka ndani ya ufa alitoka ndege mweusi mwenye mdomo wa binadamu. Nilishtuka nikauliza ni viumbe gani. “Hao ni Uvumi,” alisema Haraka bila kugeuka. “Usiwajali, huzaliwa wenyewe tu.” Lakini mimi niligeuka, na niliona waziwazi kwamba hawakujizaa. Kila mmoja alitoka mahali ambapo tulipaswa kusimama na kueleza, nasi tukaruka.

Tukafika kwenye nyumba iliyopakwa rangi mpya. Ndani ameketi mwanamke mzuri, amevaa shanga, anatabasamu. “Huyu ndiye Ridhaa,” alisema Haraka. “Muulize upesi.”

Nilipiga magoti. “Mama, unakubali nizike chungu hiki katika ardhi yako?” Mwanamke akatikisa kichwa kukubali. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Lakini mimi ni mtu wa vipimo, na kipimo kimoja hakinitoshi. “Na je, unakubali nisikizike?” Akatikisa kichwa kukubali, vilevile, na tabasamu lilelile. “Unakubali nikuchome moto?” Akakubali. Nilinyoosha mkono nikamgusa shavu, lilikuwa mti. Shingoni palikuwa na uzi mwembamba, na ncha ya pili ya uzi ule ilikuwa katika kidole cha Haraka.

“Jina lake ni Kimya,” alikiri, bila haya. “Lakini kutoka mbali nani ataona tofauti? Chimba, tumalizane.”

Na mimi nilichimba. Sitajificha katika hili. Nilikwisha kujua kuwa ni sanamu, na bado nilichimba, kwa kuwa shingo iliniuma na nilikuwa nimechoka. Nikakitia chungu katika shimo nikafukia. Ardhi ikanguruma kama tumbo lenye njaa, ikakitapika. Kilinirudia kichwani kikiwa na uzito mara mbili. Haraka akatazama saa ya kulia, akatazama ya kushoto, akasema amekumbuka ana miadi, na hapo hakuonekana tena.

Ndipo wale ndege waliponifikia. Walikuwa mamia, wakipiga kelele juu yangu: “Amekuja kuwaua! Anawafukia mkiwa hai! Amewanunua viongozi!” Nilipandwa na hasira, nikawajibu kwa namba. Nikatupa asilimia, nikatupa kina, nikatupa joto la mwamba, lakini kila namba iliyonitoka mdomoni iligeuka punje ya mahindi, nao wakaidonoa, wakanenepa, wakarudi wakiwa na sauti kubwa zaidi. Nilianguka chini, chungu kikiwa kifuani pangu, nikalia kama mtoto.

Sijui nililia muda gani. Nilipoinua uso nilimwona mwanamke wa rika la mama yangu mdogo, mikono ya gauni ameikunja, miguu ina matope hadi kwenye magoti, na kando yake kigoda. Alikuwa amekaa chini, kigoda amekiacha kitupu upande wangu. Hakuniuliza kitu wala hakunibembeleza. Alinitazama tu, kwa namna iliyonifanya nianze kuongea, nikamweleza yote: karatasi, Bwana Mtweve, shamba la viazi la baba, mwamba unaogeuza hewa kuwa jiwe, mama wa kitenge cha kijani. Kadiri nilivyosema ndivyo ndege walivyokosa cha kudonoa, wakawa wanashuka mmoja mmoja na kunyamaza, mpaka wa mwisho akaondoka zake.

“Naitwa Usikivu,” alisema hatimaye. “Wengi hunichanganya na yule wa mti. Yule hafungui mdomo kwa kuwa amefungwa. Mimi sifungui mdomo kwa kuwa nimefungua masikio. Simama, mwanangu. Nitakupeleka kwa Ridhaa, lakini ujue kabisa kwamba njia yake hupita kwa Hofu, kisha kwa Shaka. Hakuna nyingine.”

“Hao ndio maadui zangu!” nilisema. “Leo mchana hao ndio walionivunjia mkutano.”

“Umewahi kukaa nao?”

Nikakipandisha chungu kichwani, nikamfuata.

Yeye alitembea kwa miguu iliyogusa chini. Kila ua tulioupita alipiga hodi, hata pale pasipo na mtu, na akasubiri muda ambao ungemtosha mtu aliye uani kunawa mikono na kuja. Mwanzoni nilikereka. Baadaye niligundua kwamba nyuma yetu ardhi haikuwa na ufa.

Tulifika kwenye ukingo wa bonde dogo, na pale ukingoni alikuwapo mwanamke wa makamo, nywele hazijachanwa, taa inawaka mkononi ingawa ulikuwa mchana. Mbele yake alikuwa ametandika khanga, na juu yake amepanga vitu: kandambili moja ya mguu wa kushoto, kengele ya ndama, manyoya ya ndege, kofia ya mtoto. Nilimjua kuwa ni Hofu. Nami, kwa mazoea, nikaanza: “Dada, usiwe na wasiwasi, uwezekano wa jambo hilo kutokea ni mdogo mno...” Chungu kikanididimiza hadi magoti yakazama ardhini. Usikivu aligusa bega langu. “Usimwambie. Muulize.”

Nikamuuliza: “Hii kandambili ni ya nani?”

Hofu alinitazama kana kwamba nimemwita kwa jina la utotoni. Akanieleza ni ya nani, na kengele ilikuwa ya ndama gani, na kofia ilipotea asubuhi ya namna gani. Aliongea polepole, bila machozi. Kisha akafunga taa kwenye kamba ndefu, akaiteremsha bondeni. Mwali ulishuka ukiwaka, ukashuka, halafu ukazimika ghafla, ingawa hapakuwa na upepo. Akavuta kamba, akaweka fundo pale mkono wake ulipofikia. Kamba ile ilikuwa na mafundo mamia, mengine juu, mengine chini. Mwanamke huyu niliyemdhani mwendawazimu alikuwa akipima. Alikuwa akijua hewa mbaya inafika kimo gani siku ya mvua, siku ya jua, siku ya ukungu. Alikuwa na takwimu ambazo mimi na shahada zangu mbili sikuwa nazo.

“Wewe ndiwe wa kwanza kuuliza,” alisema. “Wenzako huja kuniambia nisiwepo. Nitaachaje kuwepo? Mimi ni kumbukumbu iliyokosa mahali pa kukaa. Mkinifukuza nje ya mji nitalia usiku kucha kama fisi, na hakuna atakayelala. Lakini mkinipa kazi, mkaniweka mlangoni niwe mlinzi, mtashangaa jinsi nitakavyotulia. Hofu yenye kazi huitwa uangalifu.”

Nilimshika mkono. Ulikuwa wa joto. Tulipoondoka, chungu hakikuwa chepesi, lakini shingo yangu ilikuwa imejifunza kukibeba.

Mbele kulikuwa na korongo, na juu ya korongo daraja lililojengwa nusu. Fundi mmoja mfupi, mwenye nyundo na miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa akigonga kila jiwe na kuinamisha sikio. Huyu alikuwa Shaka. Hakunisalimu. “Nauliza, unajibu,” alisema. “Jibu la kweli ni jiwe. Jibu la kukwepa ni udongo wa mfinyanzi mbichi, na utakalokanyaga ni hilohilo ulilolijibu.”

“Nani alipima mwamba?” Nikamjibu. Jiwe likakaa, akaligonga, likalia vizuri. “Aliyepima alilipwa na nani?” Nilisita, maana alilipwa na kampuni yangu, nikasema hivyo hivyo. Jiwe likakaa. “Hewa ikitafuta njia ya kupanda, mtaijuaje, na baada ya muda gani?” Nikaeleza habari za visima vya uangalizi, na kwamba maji ya chini ndiyo yangetuambia kwanza, kwa ladha yake na kwa vipimo, pengine baada ya siku, pengine wiki. “Kampuni ikifilisika?” Hapo nilijaribu. Nilisema, “Taratibu husika zitafuatwa.” Jiwe likalainika chini ya mguu wangu, nikateleza, mguu mmoja ukaning'inia juu ya korongo na chungu kikayumba. “Sema tena,” alisema Shaka, bila huruma na bila ubaya. Nikasema kwamba haijaandikwa popote, na kwamba inapaswa kuandikwa kabla ya kuchimba. Jiwe likawa gumu.

Ilibaki hatua moja. “Miaka mia moja ijayo,” aliuliza, “wewe umekufa, mimi nimekufa, nani atakuwa anaangalia?”

Nilitafuta kichwani mwangu kote. Nilikuwa na maneno mengi mazuri, nayo yalikuja mbio yakapanga foleni kwenye ulimi. Niliyaona yote kuwa ni udongo wa mfinyanzi. “Sijui,” nilisema, nikafumba macho nikingoja kuanguka.

Sikuanguka. Nilipofumbua macho nilikuwa nimesimama juu ya jiwe pana kuliko yote. Fundi alikuwa akiligonga, na kwa mara ya kwanza akitabasamu. “Hili ndilo nililokuwa nalisubiri,” alisema. “Yale mengine yote yanaegemea hili. Asiyesema ‘sijui’ hata mara moja, mimi simwamini hata anapojua.” Akaita, na kutoka upande wa pili akaja msichana, amembebea baba yake chakula kwenye kapu, akapita juu ya daraja bila kutazama chini. “Binti yangu,” alisema Shaka. “Anaitwa Imani. Watu hudhani alizaliwa nyumba nyingine. Hapana, mimi ndimi niliyemlea.”

Ng'ambo ya daraja hapakuwa na lango wala ukuta. Palikuwa na shamba, na mwanamke analima. Hakuvaa shanga. Alikuwa na jasho, na alipotuona alimaliza kwanza tuta lake, akafuta jembe, ndipo akaja. Usikivu akanisogezea kigoda, nami nikakaa chini, nikakiacha kigoda kitupu upande wa mwenye shamba. Hapo ndipo kiongozi wangu aliponiacha. Nilimwona akitikisa kichwa kuridhika, akaenda zake na matope yake miguuni.

“Mimi ndiye Ridhaa,” alisema yule mwanamke akikaa. “Nionyeshe ulichobeba.” Nikakishusha chungu, nikalegeza jani kidogo aone, nikamweleza kilichomo, kinakotoka, kwa nini kisipozikwa popote kitatudhuru sote, na kipi ninakijua na kipi sikijui. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafumbua viganja vyake viwili. Katika kila kiganja palikuwa na mbegu moja.

“Hii ni Ndiyo,” alisema, “na hii ni Hapana. Wengi huja kwangu wakitaka ya kulia tu. Nimewapa baadhi yao, wameipanda, haijaota. Mbegu hizi ni mapacha. Ukiiua moja, nyingine ni kokwa tupu. Kwa hiyo kabla sijakujibu, nijibu wewe. Nikikupa Hapana, utanifanyaje?”

Upepo ulitulia. Nilijua kwamba safari yote, chungu, daraja, taa ya Hofu, vilikuwa vikielekea kwenye swali hili. Niliwaza habari za Ijumaa. Niliwaza juu ya baba na viazi vyake, na juu ya moshi ambao ungebaki hauna mahali. Ilinichukua muda mrefu kuliko maswali yote ya Shaka.

“Nitakifunga chungu changu,” nilisema, “niondoke bila kinyongo. Na nikipita tena njia hii nitakusalimu.”

Ridhaa alinitazama usoni. Uso wake ulifunguka kama anga baada ya ukungu, akavuta kigoda karibu zaidi. “Basi,” alisema, “sasa tunaweza kuzungumza.” Nikamwona anafungua mdomo ili aendelee, nami nikainama nisikose hata silabi moja, na hapo nikaamshwa na utulivu. Mvua ilikuwa imekatika.

Ilikuwa saa kumi na nusu. Karatasi ya mahudhurio ilikuwa imeanguka sakafuni. Niliiokota nikaisoma upya, majina mia moja na arobaini, na nikamtambua mwanamke wa mti aliyetikisa kichwa kwa kila kitu: nilikuwa nimemshika mkononi. Nilitambua pia kwamba Bi Sekela hakunivunjia mkutano wowote. Yeye peke yake, katika watu wote wa siku ile, ndiye aliyeuchukulia mradi wangu kuwa jambo la kweli, litakalotokea kweli, juu ya watu wa kweli. Na swali lake ndilo lililokuwa swali bora kuliko yote niliyowahi kuulizwa, hata chuo kikuu. Nami nilimfungia mlango nikidhani ninamlinda.

Niliiacha kompyuta chumbani. Nikauliza njia, nikafika kwake nikapiga hodi, nikasubiri. Alikuwa jikoni, akimenya ndizi mbichi. Alinitazama, akarudi kwenye ndizi zake.

“Mama, shikamoo.”

“Marahaba. Umesahau nini?”

“Nimesahau kukujibu. Uliniuliza swali nikakujibu vibaya mbele za watu. Nimekuja kukuomba radhi, na kukuuliza habari za mume wangu... za mume wako, samahani, kama utapenda kunieleza.”

Kisu kilisimama. Kisha akacheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila yeye kutaka. “Umeanza kuniibia mume sasa!” Nami nikacheka kwa aibu, na sijui ni nini kingetufungulia njia kama si ulimi ule ulioteleza. Akanisogezea ndizi na kisu cha pili. Akaniambia mume wake alikuwa akiitwa Gwamaka, alikuwa na tabia ya kupiga mluzi, na kwamba asubuhi ile yeye Sekela aliusikia mluzi ukikatika. Akaniambia pia mambo ambayo hayakuwa kwenye ramani zangu: kwamba baada ya mvua ndefu nyasi za ukingo wa mashariki hunyauka hadi kwenye mti wa msufi, na kwamba wadudu hufa kabla ya ndege. Nilimenya ndizi mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu.

Sikupeleka ile karatasi. Bwana Mtweve alinifokea, akaniondoa kwenye mradi kwa wiki tano, kisha akanirudisha, kwa sababu barua ya kijiji cha Ikomelo ilimfikia kwenye meza ikiwa na maswali kumi na tisa, na hakuna mwingine ofisini aliyeweza kuyajibu bila kurudi kwangu. Maswali mengine hata mimi sikuyaweza, tukayaandika hivyo hivyo. Kijiji kilichagua watu sita, Bi Sekela akiwa mmoja wao, wajifunze kusoma vipimo. Chombo cha kwanza cha kupima hewa hatukukiweka mahali tulipotaka kuchimba kisima chetu. Tulikiweka Shimo la Ndege, na king'ora chake husikika hadi kanisani. Suala la kampuni kufilisika liliandikwa mkatabani, baada ya miezi minne ya mabishano. Ikapita miezi kumi na minne kabla Ikomelo hawajapiga kura, na kura yenyewe ilikuwa ya kisima kimoja tu cha majaribio, ambacho mkutano wa kijiji una uwezo wa kukisimamisha siku yoyote. Waliosema ndiyo walikuwa mia mbili na sita. Waliosema hapana, tisini na moja.

Bi Sekela alinifuata pale nje ya ofisi ya kijiji, watu wakiwa bado wanashangilia na wengine wakinung'unika.

“Mimi nilipiga hapana,” alisema.

“Ni haki yako, mama.”

“Najua ni haki yangu, sikuja kukuomba ruhusa.” Alikaza kitenge chake. “Kesho njoo mapema unifundishe tena kuisoma ile mashine, kile kipimo cha pili kinanichanganya. Mimi ndiye nitakayeshika funguo zake. Waliosema ndiyo watalala usingizi mzuri mno.”

Nikamwambia nitakuja saa moja asubuhi.

“Saa kumi na mbili,” alisema.